Simu Ikilia ni Mvua

Jumatatu, 17 Machi

Wamama walikuwa wameshakunja neti zote na kukimbiza omena, hizi dagaa zetu za ziwa, kwa stoo ndio Pamela akatoa simu shingoni akaangalia, kumbe hakuna mvua. Ni keki. Mtoto wa mama fulani anaitwa Nyangi, wa huko Isebania, amefika miaka mitatu, na Nyangi ametuma picha ya keki kwa grupu. Jua linawaka kama nini. Omena ilikuwa imebakisha kidogo tu ikauke, sasa imerundikwa kama takataka na wamama wamesimama wanahema.

Pamela akasema, "Huyu Nyangi tulimkosea wapi?"

Mama Celestine, ambaye ndiye admini, alicheka mpaka akakaa chini. "Si mumtakie mtoto maisha marefu basi. Mumeshakimbia bure."

Hii yote niliambiwa jioni, juu mchana mimi niko ng'ambo ya daraja, Rusinga, kwa banda ya kuchaji taa za wavuvi.

Jumanne, 18 Machi

Pamela ni dada yangu na nakaa kwake hapa Mbita. Ndiye alininunulia hii kaunta buku. Anasema niandike kila siku mkono ufunguke, juu nilitoka shule darasa la tano, na nikiandika kwa grupu watu wanacheka. Naandika Kiswahili juu grupu ni ya Kiswahili. Iko na Wajaluo, Wakuria, Wakisii, na mimi ndio pekee yangu sina lugha inatoka haraka. Kuongea mbele ya watu siwezi. Kuangalia naweza.

Wacha niandike vile grupu ilianza. Omena inaanikwa chini kwa neti, na mvua ikiipata inaharibika, inakuwa chakula ya kuku. Mimi kule Rusinga nikiwa juu kwa mwinuko naona mvua kabla ifike Mbita. Lakini wamama mikono iko na mafuta ya samaki, hawawezi kushika simu wasome. Ndio wakaweka sheria. Kila mtu anavaa simu shingoni ndani ya soksi ya mtoto. Mchana hakuna mtu anaandika kwa grupu isipokuwa mimi, na mimi naandika nikiona mvua tu. Simu ikilia ni mvua. Hakuna kusoma. Unaanua.

Msimu wote wa vuli hakuna omena ilinyeshewa hapa.

Alhamisi, 20 Machi

Taa nyingi. Giza la bila mwezi linakuja, wavuvi wanajitayarisha. Hakuna ingine.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimemuelewa Mama Celestine kidogo. Nilikuwa nafikiri anaongeza watu kwa grupu juu anapenda kuonekana. Kila jioni anatusomea wamefika wangapi, na sauti kama ya mtu ng'ombe yake imezaa.

Sasa leo jioni broka wa kununua omena alikuja na pikipiki. Akasema Migori bei imeanguka, barabara mbaya, watu hawanunui, nini na nini. Wamama wakanyamaza, juu huwa wananyamaza tu halafu wanauza. Mama Celestine akatoa simu akauliza, "Watu wangu wa Migori, omena inaendaje huko leo?" Broka alikuwa bado anatafuta kifungulio ya soda, majibu zikaingia nne, moja iko na picha ya debe sokoni na kibao cha bei.

Broka akaangalia picha. Akakunywa soda yote. Akasema, "Mama, wewe umekuwa redio." Na akanunua na bei ya ukweli.

Tukiwa watu wa hapa pekee nani angetuambia mambo ya Migori? Kwa hivyo kuongezeka ni kuzuri. Nimeandika nisisahau.

Jumatatu, 24 Machi

Ng'ombe imepotea Awendo, nyekundu, haina pembe moja. Kuna mtu yuko Qatar, hatujui aliingia aje, anauza marashi. Pasta wa Kendu Bay ametuma mahubiri. Nyangi ametuma maua na "Amkeni na baraka."

Wamama wamekimbia asubuhi, wamekimbia saa sita, wamekimbia saa tisa. Mvua haikuwako.

Alhamisi, 27 Machi

Mama Celestine amewaonyesha wamama njia ya kunyamazisha grupu. Alipita kwa kila mmoja akibonyeza, juu mikono yao iko na samaki.

Nikauliza Pamela, "Sasa mvua?"

"Utanipigia. Si uko na namba yangu?"

"Na wale wengine?"

"Nitawaita na mdomo. Huu mdomo umewahi kukushinda kusikia?"

Haujawahi. Hata nikiwa Rusinga wakati mwingine nafikiri nausikia.

Jumapili, 30 Machi

Joyline ametuma sauti kwa Pamela. Joyline ni mama wa soko la Uriri, ndiye ananunua omena ya Pamela karibu yote. Sijawahi kumuona. Sauti yake ni ya pole pole, ile ya mtu hapigi kelele juu hana haja.

"Pamela, binti wa Mbita, nisikie vizuri. Masika imeingia. Masika ya mwaka jana nilikuletea malalamiko mara mbili. Nikipata tena gunia moja tu limenyeshewa, nahamia omena ya Isebania. Si ugomvi, ni wateja."

Pamela akaisikiza mara mbili halafu akaenda kufagia mahali palikuwa pamefagiwa. Kabla ya Joyline alikuwa anaanika omena ya watu wengine, analipwa na samaki ya kupeleka nyumbani. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Joyline akienda, anarudi pale.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nitaandika mpaka mshumaa uishe.

Ilianza na upepo. Taa zenye nilikuwa nimening'iniza zikaanza kugongana. Nikatoka nje nikaangalia upande wa Mfangano, na Mfangano haikuwako. Kisiwa mzima imekuwa nyeupe, na ile nyeupe inatembea juu ya ziwa inakuja.

Nikashika simu. Kwanza nikaongea kwa grupu, "Mvua! Anueni!" Mkono ulienda huko wenyewe. Halafu nikakumbuka wamenyamazisha. Nikampigia Pamela. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Nikangoja kidogo, nikapiga. Inatumika. Kumbe wakati huo alikuwa anaongea na Joyline, anamwambia, "Huu mzigo ni kavu mpaka unalia kama majani."

Namba ingine ya huko sina. Niko na grupu ya watu karibu elfu moja na hakuna mtu naweza kuita. Nikafungua ile orodha ya majina, inashuka, inashuka, haina mwisho. Nikapiga moja.

"Bwana asifiwe," sauti ikasema.

Ni pasta. Yuko Kendu Bay. Nikamwambia mvua inakuja. Akasema, "Tuliomba, kijana, tuliomba."

Nikapiga ingine.

"Haloo, amka na baraka!"

Nyangi. Saa nane mchana.

"Mama, mvua inaingia Mbita na omena iko nje."

"Wewe nani?"

"Wa taa."

"Woi! Kijana wa mvua! Kata, kata simu, nakusaidia sasa hivi."

Na akanisaidia. Akaandika kwa grupu MVUA INAKUJA MBITA, akaweka picha ya mwavuli, na juu ni mazoea akaweka na maua. Gordon, mwenye tunachaji taa na yeye, alikuwa ameshanipatia baiskeli yake, na niliona majibu zikiingia nikipanda. Amen. Amen. Napokea. Mvua ya baraka. Amen. Yule wa Qatar akauliza kama kuna mtu anahitaji mwavuli.

Kwa daraja mvua ilinipita. Sijui vile nitaandika. Ilikuwa nyuma, halafu ikawa kando, halafu niliiona mbele yangu ikienda Mbita na mimi nikikanyaga kama mjinga, nimelowa.

Nilifika nikakuta Pamela amelala juu ya neti, ametandaza leso na mikono, anajaribu kuwa mkubwa. Wengine wanakimbia na beseni. Wengine wamesimama tu. Omena ikinyeshewa inarudi kung'aa, inafanana na iko hai. Hiyo ndio inauma.

Nilingoja mtu aniulize nilikuwa wapi. Hakuna aliuliza. Mama Celestine alitoa simu kwa soksi, akasoma zile Amen zote, akairudisha.

"Watu elfu," akasema. "Na hakuna hata mmoja amenipigia aseme koth."

Koth ni mvua kwa Kijaluo. Ndio neno moja tu tulikuwa tunataka.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi nilikuwa nimeamua hiyo grupu ni ya kufutwa. Saa nne nikabadilisha.

Mama Celestine alipiga picha ya omena iliyoharibika, hakuficha, akaandika, "Hii imenyeshewa. Nani anaitaka vile iko?" Ikatokea mtu hatujawahi kumsikia, alikuwa amekaa humo kimya tangu aingizwe. Anaitwa Gichana, yuko Rongo, anasaga chakula ya kuku. Mchana Stanley, yule dereva wa pikapu ya mizigo, alikuwa hapa anapakia. Si bei ya maana, lakini si ya kutupa kwa maji.

Nimefikiria siku mzima nikichaji. Kama unatafuta mtu hujui, grupu kubwa ni nzuri, kila mtu anaongezwa ni kama umewasha taa ingine. Kama unatafuta mtu unajua, ile kubwa inamficha. Jana nilikuwa natafuta Pamela.

Ijumaa, 4 Aprili

Pamela hakumpatia Gichana yake. Ameianika tena leo kwa jua kali, na ukiangalia kwa macho iko sawa. Ukinusa si sawa. Jioni nimemuona anajaza gunia: ile ya mvua chini, ile nzuri juu.

Nimekaa mlangoni na chai. Nikasema, "Na Joyline akiingiza mkono mpaka chini?"

"Wewe kaa na taa zako."

Nikakaa na taa zangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeamka nikakuta amemwaga magunia yote chini, anachagua. Hakuinua kichwa.

"Usiniangalie hivyo. Shika ungo."

Tulichagua mpaka jua likatoka vizuri. Magunia nzuri yamebaki mawili. Pamela akavuta pumzi, akamtumia Joyline sauti: "Dada, mvua ilinipata. Ile siku nilikwambia ni kavu, wakati huo huo ndio ilikuwa inanyesha, sikujua. Nakutumia mawili. Hayo unaweza kulala juu yake. Mengine ni ya kuku."

Joyline alijibu mchana. "Nimesikia. Nimepokea mawili, ni mazuri. Lakini Pamela, wateja wangu hawali ukweli, wanakula omena. Nipe magunia sita kavu baada ya Pasaka, kabla ya giza kuisha. Nitakuja mwenyewe. Nikikosa, nahamia, na tutabaki marafiki."

"Tutabaki marafiki," Pamela akasema. "Hiyo ndio mbaya kabisa."

Jumatatu, 7 Aprili

Mama Celestine ameunda grupu ingine, ndogo, inaitwa Mvua Tu. Ni wamama wa hapa beach ya kuanikia pekee, na mimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwezi umejaa. Usiku ukiwa mweupe taa hazivutii omena, kwa hivyo wavuvi wamelala, neti ni tupu, banda ni tupu, hata mbwa wamelala.

Mvua Tu imekuwa kubwa. Kila mama aliongeza bwana yake ili naye ajue. Mabwana wakaongeza marafiki. Stanley akaomba aingizwe juu ya barabara. Nyangi alilia mpaka akaingizwa, alisema ile siku alinisaidia na mimi ni shahidi.

Leo asubuhi: maua.

Jumanne, 15 Aprili

Mkutano kwa stoo ya Mama Celestine. Nilikaa nyuma ya magunia.

Mama mmoja akasema tuwafukuze wote. Mwingine akasema ukimfukuza bwana yake, yeye pia anaenda. Pamela akasema basi aende, hao wawili wakaanza kugombana. Mellen, ambaye ako na kabambe, ile simu ndogo ya vifungo, na hajawahi kuwa kwa grupu yoyote, akangoja wanyamaze.

"Mimi sikuwa kwa grupu na nilinyeshewa sawa na nyinyi," akasema. "Tofauti ni moja. Mimi sikununua bando."

Watu wakacheka sana, na nikaona Mama Celestine ndiye anacheka zaidi. Nilikuwa nafikiri atakasirika, grupu ni yake. Akafuta macho akasema, "Sawa. Ile kubwa ni soko langu, siivunji, na yule wa Qatar nimemzoea. Lakini sokoni ukiitwa mama, wanageuka mia. Ukiitwa na mtu anakujua jina, unageuka wewe. Tuache kuandika. Tuflashiane."

Yaani unapiga, inalia kidogo, unakata. Kredo haikatwi. Hata kabambe ya Mellen inaweza. Mimi naflashi Pamela, Pamela anaflashi jirani yake wa neti, huyo anaflashi jirani wake, mpaka mwisho wa beach. Na hiyo namba haitumiwi mchana kwa kitu kingine.

Wote wakasema ndio. Mimi nilijua kitu na nilikuwa najaribu kukiweka kwa mdomo. Masikio zilikuwa zinawaka. Nikasema, kutoka nyuma ya magunia, "Na Pamela akiwa kwa simu?"

Vichwa vikageuka. Halafu mtu akasema, "Na ni lini hayuko kwa simu?" Stoo ikaanguka na kicheko. Pamela akanitupia kiatu.

Lakini waliskia. Sasa kila mtu anaflashi wawili. Wangu ni Pamela na Mellen.

Jumatano, 16 Aprili

Tumefanya mazoezi. Neti ni tupu, kila mtu amesimama kwa yake. Nikaflashi nikiwa Rusinga. Ilienda vizuri mpaka katikati, hapo mama mmoja kwa mazoea akaflashi bwana yake, na bwana akapiga tena kuuliza kama chakula iko tayari.

Mara ya pili ilifika mwisho. Gordon anasema walisikika wakipiga vigelegele mpaka kwa daraja.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimekula kuku.

Alhamisi, 24 Aprili

Giza limerudi. Taa zimejaa banda, omena imejaa neti. Pamela anahesabu mbingu badala ya samaki. Gunia la kwanza limejaa, akaingiza mkono mwenyewe mpaka bega.

Jumatatu, 28 Aprili

Ilikuja leo. Si kwa Mfangano. Ilizunguka milima ya Gwasi, ilikuwa imejificha, na kama singekuwa nimesimama nje nisingeiona. Neti zote ziko nje. Za Pamela ndizo za kumaliza lile gunia la sita.

Nikaflashi Pamela. Inatumika.

Nilicheka, kweli. Nikaflashi Mellen. Ikalia. Nikakata. Halafu sikuwa na kitu kingine ya kufanya. Nimesimama nashika simu naangalia ng'ambo, na kutoka huko juu beach ni kamba nyembamba tu na vitu vya fedha juu yake.

Upande mmoja fedha ikapotea. Halafu kando yake. Halafu kando yake. Ilikuwa kama mtu anakunja shuka pole pole. Mvua ilipofika, beach ilikuwa mchanga tu.

Jioni Pamela ndiye ananiambia. Alikuwa anaongea na Joyline tena. Mellen alikuja akampita mbio akipiga kelele, "Wewe mdomo! Anua!" Joyline akauliza ni nini. Pamela akamwambia, "Ngoja," akaacha simu shingoni kwa soksi bila kukata, na Joyline alikaa Uriri akisikiza kila kitu, wamama wakiitana, neti zikiburutwa, mlango wa stoo, halafu mvua kwa mabati.

Pamela alipoirudia simu Joyline alikuwa bado yuko. Akauliza kitu moja tu. "Imeingia yote?"

"Yote."

"Nimesikia," akasema Joyline.

Alhamisi, 1 Mei

Kwa grupu kubwa, ng'ombe ya Awendo imepatikana. Amen mia. Hata mimi nimeandika.

Jumamosi, 3 Mei

Joyline amekuja na pikapu ya Stanley asubuhi. Ni mfupi kuliko sauti yake. Hakusalimia mtu kwanza. Alifungua gunia, akakunja mkono ya nguo, akaingiza mkono mpaka bega, akatoa omena ya chini kabisa, akanusa, akatafuna. Alitafuna sana. Akaenda kwa la pili. Pamela alikuwa amenishika shati nyuma, kifungo imekatika.

La sita alipomaliza akageuka. "Pamela, utaniletea mpaka masika iishe. Na baada ya masika tutaona kama tunaweza kuachana." Pamela akaachilia shati yangu, akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya sokoni.

Halafu Joyline akauliza, "Kijana wa mvua ako wapi?"

Nilikuwa nimeshafika nyuma ya pikapu. Mellen akaninyooshea kidole, hana huruma.

"Ndio huyu? Mimi nilifikiri ni mzee." Akanipa mkono, na mkono ulikuwa unanuka omena kavu. Akasema wamama wa kwao wanaanika mihogo na karanga na kila siku wananyeshewa, huko nako wako na grupu, iko na watu mpaka Canada. Anataka nikae siku mbili niwaonyeshe nani anaflashi nani. Nikamwambia kuongea mbele ya watu siwezi. Akasema, "Nani alisema uongee? Utaonyesha na kidole."

Gordon ameshika banda na zile namba mbili za kuflashi. Nimepima macho yake kwa ile milima ya Gwasi, ni mazuri.

Naandika hii nikiwa juu ya magunia. Stanley amewasha gari. Sasa hivi simu imelia mara moja ikakata, ni mama wa Homa Bay mwenye Joyline alituunganisha naye leo asubuhi atuflashie, na huko ndiko tunapita. Lazima niache hapa, juu turubai haijafungwa na mimi ndio wa kuifunga.